Mashine ya boti ikibaki majini: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukiona rangi imevimba karibu na propela na alumini ya chini yake inamomonyoka kama chaki, usikimbilie kuilaumu chumvi peke yake. Kwa mashine ya kufungwa nyuma ya boti, inayokaa gatini wiki baada ya wiki, mara nyingi mlaji mkubwa ni umeme, na ushauri mwingi unaozunguka kwenye magati unamsahau.

“Ukishaiinua, imetoka majini.”

Siyo lazima. Propela na sanduku la gia zinaweza kuwa juu kabisa, huku ncha ya chini ya mabano yanayoishikilia mashine kwenye tezi, yaani nyuma ya boti, ikiwa bado imezama. Nenda nyuma ya boti ukaangalie kwa macho, boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida. Inua hadi mwisho, kisha weka kile chuma cha kuizuia isishuke, ili uzito usiachiwe haidroli, ile mitambo ya mafuta inayoinua mashine. Penye baridi ya kugandisha mambo hugeuka: maji ya mvua yanaweza kutuama kwenye kitovu cha propela iliyoinuliwa, yakaganda na kupasua. Huko ni afadhali boti itolewe majini na mashine isimamishwe wima, ichuruzike.

“Zinki imeliwa, basi ilikuwa feki.”

Kile kipande cha zinki kinachofungwa kwenye mashine, yaani anodi, kimewekwa kiliwe! Metali mbili tofauti zikiunganishwa ndani ya maji hutoa mkondo wa umeme, na ile iliyo dhaifu ndiyo inayolika. Propela ya chuma cha pua ikifungwa kwenye mguu wa alumini, alumini ndiyo mhanga. Anodi ni metali dhaifu zaidi inayojitoa badala yake. Ya kutiliwa shaka ni ile inayokaa muda mrefu bila kupungua: labda imepakwa rangi, labda bolti yake imeshika uchafu na haigusani vizuri na mashine. Ibadilishe ikifika nusu.

Aina nayo ina maana. Zinki ni ya maji ya chumvi. Kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hujifunika ukoko na kuacha kufanya kazi. Magnesi inafaa maji baridi, lakini baharini huisha upesi mno. Anodi za alumini hufaa pote pawili, hata pale mto unapokutana na bahari. Na kumbuka, anodi iliyo nje ya maji hailindi kitu kilichobaki ndani. Ile ya chini ya mabano ndiyo inayobaki zamu mashine ikiwa juu.

“Rangi iliyobaki baada ya kupaka boti, ipakwe kwenye mashine pia.”

Hili ndilo kosa linalonikera kuliko yote, kwa sababu anayelifanya anadhani anajali. Rangi nyingi za kuzuia viumbe wa gamba wasijigandishe kwenye boti zina shaba, na shaba juu ya alumini ni ugomvi uleule wa metali mbili. Tafuta rangi iliyoandikwa kwamba inafaa alumini. Hata ile ya shaba iliyo kwenye boti yenyewe isifike hadi kwenye mabano. Acha nafasi ya sentimita chache. Anodi na matundu ya kuvuta maji ya kupoza visiguswe kabisa.

“Umeme wa gati ni shida ya boti kubwa.”

Chaja ya betri inatosha kukuingiza. Waya wa ardhi wa gati huweza kuunganisha metali za boti yako na za majirani, na anodi zako zikaanza kuwalinda wasiokuwa nazo. Kipo kifaa cha kuzuia mkondo huo mdogo bila kukata ulinzi wa waya wa ardhi. Usiukate waya wenyewe kamwe, mtu anaweza kufa. Rahisi zaidi: betri ikijaa, chomoa. Kagua pia waya wa pampu ya kutoa maji botini, maana huwa hai hata swichi kuu ikizimwa.

“Kuisuuza kuna faida gani, si inabaki baharini?”

Njia za ndani za maji huchuruzika mashine ikiinuliwa, chumvi ikabaki na kuganda. Mashine nyingi zina tundu la kuunganishia mpira wa maji boti ikiwa bado inaelea. Soma kitabu chake kwanza: nyingi hutaka injini iwe imezimwa wakati wa kusuuza kwa tundu hilo, kwa sababu pampu ya maji ina mapezi ya mpira ambayo hayavumilii kuzunguka makavu.