Boti ya Mbio: Mmoja Usukani, Mwingine Mafuta

Kijana anayetaka kujifunza boti ya mwendo kasi hukimbilia usukani. Kwenye mbio za baharini, kazi ngumu mara nyingi iko mkononi mwa mwenzake. Boti kubwa mara nyingi huwa na wawili: mmoja anaongoza njia, mwingine anashika mafuta. Wapenzi wa mbio za magari hapa Arusha wamezoea kumwona dereva na msoma njia wake; kwenye boti msoma njia angekuwa ndiye anayekanyaga mafuta.

Sababu ni mawimbi. Boti ikiruka, pangaboi, yaani feni inayoisukuma boti, hutoka majini na kuzunguka bila mzigo, injini ikapiga kelele. Likirudi majini mafuta yakiwa yamefunguliwa yote, shafti au gia inaweza kuvunjika. Mshika mafuta hupunguza mafuta pangaboi linapotoka, huyaongeza linapogusa maji. Vilevile hurekebisha pembe ya mfumo wa pangaboi. Omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, ikiinuka mno, upepo huingia chini na kuipindua boti. Ikishuka mno, huchimba wimbi na boti husimama ghafla.

Kwa hiyo kubalianeni maneno mkiwa nchi kavu, machache na mafupi: “kulia”, “kushoto”, “wimbi”, “punguza”. Yeyote akisema “punguza”, mafuta yanapunguzwa hapo hapo. Ubishi ni wa ufukweni. Wekeni na ishara za mkono, maana vifaa vya mawasiliano huharibika.

Kwa anayeanza, boti ya mita 4 hadi 5 yenye injini ya hosipawa 15 hadi 25 inatosha sana. Kabla ya kung’oa nanga, washa injini kisha vuta kamba ya kuzimia, ile inayozima injini ikichomoka. Isipozima, safari imekwisha. Mwendeshaji aifunge pajani au kwenye jaketi la kujiokolea. Wapo wanaoitundika tu kwenye mkono wa injini kwa sababu inawasumbua. Mtu wa aina hiyo akianguka, boti hubaki inazunguka na inaweza kumrudia na pangaboi lake. Wekeni kamba ya akiba ndani, kwani aliyeanguka ameondoka na ile ya kwanza na aliyebaki lazima awashe injini akamchukue. Amfikie polepole, azime injini kabla ya kumvuta.

Mafuta yagawanyeni mara tatu: mkiwa na lita 24, nane za kwenda, nane za kurudi, nane za akiba.

Kwa watu wa Moshi, Bwawa la Nyumba ya Mungu liko jirani, ila ombeni ruhusa kwanza. Ni eneo la wavuvi, na mamba wapo. Wavu ukinasa pangaboi, zima injini kabisa ndipo uinue na kukata kwa kisu. Kina cha maji hupanda na kushuka, hivyo njia ya mwezi uliopita msiiamini. Bahari ya Tanga ije baadaye, tena na nahodha mwenyeji anayejua kusi na kaskazi: upepo ukikabiliana na mkondo, mawimbi husimama wima na kukaribiana.

Didier Pironi, aliyewahi kuendesha magari ya mbio za Formula 1, alifariki pamoja na wenzake wawili mwaka 1987 boti yao ilipopinduka karibu na kisiwa cha Wight, Uingereza. Mwaka 1990 Stefano Casiraghi alifariki kwenye mbio za Monaco. Siku hizi boti za daraja la juu zina vyumba vilivyofunikwa. Kifuniko humkinga mtu na pigo la maji, lakini boti ikipinduka anaweza kunaswa ndani, kichwa chini.

Ndiyo maana timu hizo hufanya zoezi la kutoka. Subiri mzunguko ukome. Vuta pumzi kutoka kwenye chupa ya hewa ya dharura. Mkono mmoja ushike ukingo wa mlango, wa pili ufungue mkanda, kisha jivute nje bila kuachia ukingo. Wengi hukosea kwa kufungua mkanda kwanza. Mwili unaelea na upande wa kutokea unapotea. Zoezi hili ni la bwawa la kuogelea, mkufunzi na mzamiaji wakiwa majini, na kila mmoja alirudie akiwa amefumba macho.