Wimbo mmoja, madaftari mawili: kuoanisha tagi za faili na maktaba ya muziki

Swali hili hutufikia mara kwa mara kwenye dawati letu la kuhifadhi sauti hapa Mombasa: kwa nini majina ya nyimbo niliyoyarekebisha hayaonekani kwenye kompyuta nyingine? Mtu amekaa siku kadhaa akirekebisha majina ya nyimbo za marehemu babake: taarabu za harusini, kasida, mawaidha, zote zimetolewa kwenye kaseti na kuingizwa kwenye kompyuta. Kwake kila kitu ki sawa. Akimpa nduguye wa Likoni nakala kwenye flashi, kule kunasomeka "Wimbo 01, Wimbo 02, Msanii Asiyejulikana". Anadhani flashi imeharibika, au virusi vimeingia. Flashi ni nzima. Kazi yake yote aliiandika mahali ambapo nduguye hawezi kuiona.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Muziki wa kompyuta una madaftari mawili. La kwanza limo ndani ya faili yenyewe, nalo huitwa tagi: jina la wimbo, mwimbaji, albamu, mwaka, nambari ya wimbo. Faili ikienda Lamu au Maskati, tagi huenda nayo. La pili ni hifadhidata ya programu ya maktaba, kama vile iTunes, MusicBee, foobar2000 au Kodi. Programu hizi zikikutana na faili kwa mara ya kwanza husoma tagi na kuinakili kwenye daftari lao, ili zisilazimike kufungua maelfu ya faili kila unapotafuta wimbo mmoja. Tangu hapo, unachokiona kwenye skrini ni ile nakala.

Sisi tunashikilia jambo moja, nasi tunaliona ni la lazima kwa kila mwenye nyimbo za thamani: faili ndiyo asili, maktaba ni nakala. Kompyuta hufa. Programu huachwa na waliozitengeneza. Daftari la maktaba likipotea na tagi ziko sawa, unaliunda upya kwa muda mfupi. Tagi zikiwa tupu na daftari likapotea, mjukuu atarithi sauti zisizo na wenyewe.

Hata ndani ya faili moja ya MP3 huenda kukawa na tagi mbili zisizopatana. MP3 ilipoanza haikuwa na mahali pa kuandika jina la wimbo. Mwaka 1996 Eric Kemp alibuni tagi ya ID3: baiti 128 zilizobandikwa mwisho wa faili, herufi 30 kwa jina la wimbo, 30 kwa mwimbaji, 30 kwa albamu, basi. Andika humo "Zein l'Abdin na Zein Musical Party" nayo itakatika kwenye "Zein Musical P". Aina ya muziki huandikwa kwa nambari kutoka orodha maalumu, na orodha ya awali ya aina 80 haikuwa na taarabu. Mwaka 1998 ikaja ID3v2, inayokaa mwanzo wa faili na kukubali majina marefu, aina ya muziki kwa maneno yako mwenyewe, hata picha ya jalada. Lakini ile ya zamani haikuondolewa. Faili nyingi zina zote mbili, na redio kongwe ya gari husoma ya mwisho wakati kompyuta inasoma ya mwanzo. Ukirekebisha moja pekee, gari litaendelea kuonyesha makosa uliyodhani umeyafuta. Programu za kuhariri tagi kama Mp3tag na Kid3 zinaweza kuandika zote mbili kwa pamoja, au kuifuta ya zamani kabisa. Mwenye kutumia herufi za Kiarabu aifute, kwa sababu haikutengenezewa herufi hizo.

Sasa tuje kwenye kuoanisha. Umerekebisha tagi kwa programu ya kuhariri, ukafungua maktaba, ukakuta majina ni yale yale ya jana. Maktaba nyingi hujua kwamba faili imebadilika kwa kutazama alama mbili: ukubwa wake, na tarehe na saa ilipobadilishwa mara ya mwisho. Ukubwa si shahidi wa kutegemea. ID3v2 kwa kawaida huacha nafasi tupu baada ya maandishi, makusudi, ili ukiongeza maneno faili nzima isiandikwe upya. Kwa hiyo unaweza kubadilisha kila jina na ukubwa usisogee hata baiti moja. Inabaki tarehe. Nazo Mp3tag na MusicBrainz Picard, programu nyingine ya kuhariri tagi, zina kitufe cha kuhifadhi tarehe ya zamani baada ya kuhariri. Watu hukiwasha wakidhani wanalinda historia ya rekodi, kumbe wanaifumba maktaba macho. Kizime. Tarehe ya rekodi ina mahali pake kwenye tagi. Saa ya faili iachwe iseme ukweli kwamba faili imeguswa.

Programu pia hazifanani tabia. foobar2000 na MusicBee zaweza kuchunga folda na kupokea mabadiliko zenyewe, na foobar2000 ina amri ya kusoma upya tagi za nyimbo ulizochagua. iTunes haichungi. Ukibadilisha tagi nje yake, wimbo hubaki na jina la zamani hadi uucheze au ufungue dirisha la maelezo yake. Ukiwa na nyimbo elfu mbili hilo ni jambo la kukatisha tamaa, na ndiyo maana mtumiaji wa iTunes namshauri ahariri majina humo humo, mradi faili zake ni za MP3 au za aina ya Apple.

Nasema hivyo kwa sababu ya WAV. Hili limewaumiza watu wengi, sisi tukiwamo. Ukitoa sauti kwenye kaseti, programu za kurekodi mara nyingi hukupa WAV, aina ya faili ya sauti isiyobanwa, na WAV haikuzaliwa na tagi nzuri. Programu kadhaa, iTunes miongoni mwao, hukubali uandike jina la wimbo wa WAV lakini huliweka kwenye hifadhidata pekee. Faili haiguswi. Tuliwahi kuandika maelezo ya mamia ya rekodi kwa njia hiyo. Kompyuta ilipokufa tukabaki na sauti safi na majina matupu, tukarudi kuzisikiliza moja baada ya nyingine tangu mwanzo. Geuza WAV ziwe FLAC, aina ya faili inayobana sauti bila kuipunguza. Sauti haipungui chochote, faili huwa ndogo zaidi, na tagi zake hupokea herufi za Kiarabu na za Kilatini bila fujo.

Kuna mambo ambayo maktaba huyajua na tagi haiyajui: nyota ulizoupa wimbo, mara ulizousikiliza, orodha ulizopanga za arusi na za magari. Nyota zina mahali pake katika ID3v2, lakini kila programu huzihesabu kivyake, na iTunes haiziandiki kwenye faili. Kama nyota ni muhimu kwako, tafuta kwenye mipangilio ya programu yako kama inaweza kuzihifadhi ndani ya faili. Orodha za nyimbo zitoe kama M3U, yaani faili ya maandishi yenye orodha ya nyimbo, ukikumbuka kwamba M3U kwa kawaida haihifadhi chochote ila majina na njia za faili. Ukibadilisha jina la folda, orodha yote inakufa. Vivyo hivyo ukihamisha faili kwa mkono, maktaba huona wimbo mmoja umepotea na mwingine mgeni umeingia. Hamisha na ubadilishe majina ya faili kwa kutumia maktaba yenyewe kila inapowezekana.

Linalotushughulisha zaidi, hata hivyo, ni majina. Kompyuta haijui kwamba Juma Bhalo, Juma Balo na Mohamed Khamis Juma Bhalo ni mwimbaji mmoja. Kwake ni watu watatu, na kila mmoja atapata ukurasa wake. Amua jina moja, liandike kwenye karatasi, libandike ukutani karibu na kompyuta, na kila anayekusaidia alifuate. Kisha jihadhari na kosa la upande wa pili. Nyimbo nyingi za Juma Bhalo ni mashairi ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, wa ukoo mmoja naye. Mtu asiyejua atayaunganisha majina hayo akidhani anasafisha, na mshairi atatoweka ndani ya mwimbaji. Tagi ina sehemu ya mwimbaji, sehemu ya mtunzi wa muziki na sehemu ya mtunzi wa maneno. Zitumie zote tatu. Katika taarabu ya pwani mwenye shairi ana haki yake, na wasikilizaji wa zamani walijua shairi ni la nani kabla hata udi haujapigwa.

Kuna pia sehemu ya mwimbaji wa albamu, ambayo wengi huiacha tupu. Kaseti ya harusi moja yenye waimbaji sita, bila sehemu hiyo kujazwa, mara nyingi itatawanyika maktabani ikawa albamu sita za nyimbo mbili mbili. Weka jina la kikundi, au "Waimbaji mbalimbali", kwa nyimbo zote za kaseti hiyo, nayo itakusanyika. Mwaka uwe wa kurekodiwa, si wa kuingizwa kwenye kompyuta. Kama haujulikani, acha pasiandikwe kitu. Mwaka wa kubuni ni mbaya kuliko nafasi tupu, kwa sababu atakayekuja baadaye ataunukuu.

Kabla ya kuhariri chochote, funga maktaba na unakili folda yote ya muziki kwenye diski nyingine. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili inaweza kuharibika. Hariri albamu moja kwanza. Iambie maktaba isome upya, uone. Halafu fanya jaribio ambalo hakuna programu itakayokufanyia: weka nyimbo tatu kwenye flashi, uichomeke kwenye redio ya gari au simu ya jirani ambaye hajawahi kuona maktaba yako. Majina yanayosomeka kule ndiyo uliyo nayo kweli.

Unyevu wa pwani hauzihurumii kaseti. Ukungu huanza kwenye utepe mapema kuliko watu wanavyodhani. Mkituletea, njooni na makasha yake hata kama yamepasuka, wala msiifute ile karatasi ya ndani. Maandishi ya kalamu ya mama au ya mwenye duka, "harusi ya Kibokoni, upande wa pili", ndiyo tunayoyanakili kwenye tagi kabla hatujabonyeza kitufe cha kucheza.