Kabla hela ya korosho haijageuka greda, hesabu siku za kazi

Minada ya korosho ikianza, wanaokuja ofisini kuulizia mitambo huongezeka: mkandarasi wa Masasi, kikundi cha Newala, mfanyabiashara wa Nachingwea. Wengi wameshaamua kununua, wanataka tu ushauri wa kuchagua kati ya greda na kijiko (mtambo wa kuchimbia). Sisi tunawauliza: kwa mwaka, mtambo huo utafanya kazi ya kulipwa siku ngapi?

Tuchukue mfano wa hesabu, si bei ya soko. Greda iliyotumika umeinunua milioni 180, na baada ya miaka mitano utaiuza milioni 80. Hapo kila mwaka umepoteza milioni 20. Opareta, bima, ulinzi na matengenezo weka milioni 28. Riba ya mkopo weka milioni 20. Jumla milioni 68. Kama kukodi greda ya aina hiyo ni 800,000 kwa siku bila mafuta, unahitaji siku 85 za kazi ya kulipwa ndipo kumiliki kulingane na kukodi. Siku ambazo greda imeegeshwa chini ya mwembe hazihesabiwi.

Huku Kusini mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, na kazi za udongo hupungua sana. Mwenye kazi moja ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ya kuchonga barabara ya kijiji hafikishi siku 85. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika, mitambo ilihitajika kwa haraka. Dharura ya namna hiyo hailipi marejesho ya benki ya mwaka mzima.

Wapo wanaosisitiza kwamba bila mtambo wako hupati zabuni. Tumelieleza hili mara nyingi: fomu ya vifaa kwenye nyaraka za zabuni ina nafasi ya mtambo wa kukodi. Ambatisha mkataba wa kukodi, basi. Anayeleta kadi ya mtambo isiyo yake anatoa taarifa za uongo, na chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 anaweza kufungiwa kushiriki zabuni zote za umma, si hiyo moja tu.

Kuhusu kodi, ni kweli mitambo ya ujenzi ina punguzo la uchakavu la asilimia 37.5 kwa mwaka. Kwa mfano wetu ni milioni 67.5 mwaka wa kwanza, kisha asilimia hiyohiyo ya thamani iliyobaki. Lakini punguzo humsaidia mwenye faida ya kutozwa kodi. Usinunue greda kwa ajili yake.

Ukiamua kukodi, andikeni mkataba. Malalamiko mengi tunayopokea yanatokana na makubaliano ya simu: mwenye mtambo anahesabu tangu lobedi (trela ya kubebea mitambo) ilipotoka Mtwara mjini, aliyekodi anahesabu tangu greda ilipoanza kuchonga Liwale. Mkataba useme nani analipia usafiri wa kwenda na kurudi, nani anaweka dizeli, opareta ni wa nani, siku ya mvua inalipwaje, na mtambo ukiharibika malipo yanasimama saa ngapi. Mtambo ukishushwa, someni mita ya saa za injini pamoja kabla haujawashwa, ipigeni picha, andikeni namba kwenye daftari la eneo la kazi, wote wawili mtie saini. Jioni rudieni hivyohivyo, hata kama mnaaminiana. Ukurasa wenye saini moja hausaidii mbele ya msuluhishi.

Kazi ikikwama kwa mtambo mbovu wa kukodi, fidia ya ucheleweshaji anakatwa mkandarasi, kwa sababu mwajiri, yaani mwenye mradi, hana mkataba na mwenye mtambo. Kwa hiyo weka kifungu cha kuletewa mtambo mbadala, na kitaje idadi ya siku.

Malipo yapitie benki. Dai risiti ya mashine yenye jina na TIN (namba ya mlipakodi) ya kampuni yako, na isome kabla hujaondoka. Bila risiti hiyo, gharama ya kukodi itakataliwa kwenye hesabu zako za kodi.