Je, wajua kwa nini daftari la kweli hupenda tarakimu 1?

Chukua daftari la biashara lililojazwa mwaka mzima, la duka la jumla hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, au la muuza mbao kule Mbale, kisha usitazame kitu kingine ila tarakimu ya kwanza ya kila kiasi. Shilingi 14,000 ihesabu kuwa 1. Shilingi 350,000 ni 3. Shilingi 1,200,000 ni 1 tena. Tarakimu zinazoweza kutangulia ziko tisa, na wengi wetu tungebashiri kwamba kila moja itapata fungu sawa na mwenzake, kama asilimia 11 hivi. Haiwi hivyo. Daftari likiwa la kweli, na viwango vyake vikiwa vimepishana sana, 1 hutangulia karibu mara 30 katika kila 100. Tarakimu 2 hupata kama 18, 3 hupata 12 au 13, na idadi huendelea kupungua hadi 9, ambayo haifiki hata 5.

Natunza hesabu za wafanyabiashara wachache upande wa Uganda, na siku hizi naanza kwa kutazama tarakimu hizo kabla sijasoma maneno yaliyoandikwa kando yake. Wenye fani wanaiita kanuni ya Benford. Nasema kanuni kwa makusudi. Sheria hutungwa Bungeni, Kampala, na mtu anaweza kuivunja akaadhibiwa. Kanuni hii haikutungwa na yeyote. Watu waliikuta ipo.

Aliyeikuta mapema ni Simon Newcomb, mtaalamu wa nyota wa Marekani. Zama zake hakukuwa na kikokotoo cha mfukoni, watu walipiga hesabu kubwa kwa kutumia vitabu vya majedwali ya logi, yaani namba zinazogeuza kuzidisha kuwa kujumlisha. Newcomb aligundua kwamba kurasa za mwanzo za vitabu hivyo, zenye namba zinazoanza na 1, zilikuwa zimechakaa na kuchafuka kwa vidole vya watumiaji, na za mwisho zilikuwa safi. Mwaka 1881 akaandika makala fupi kuhusu jambo hilo, na halikushughulisha watu sana. Mwaka 1938 Frank Benford, mwanafizikia wa kampuni ya General Electric, alikusanya namba 20,229 kutoka kila upande: maeneo ya mito, idadi ya watu wa miji, anwani za nyumba, hata namba zilizochapwa magazetini. Zikaonyesha mpangilio uleule. Jina likamwendea yeye, na mpaka leo namwonea Newcomb huruma.

Kwa nini iwe hivyo? Hesabu yake unaweza kuipiga kwa simu yako sasa hivi. Chukulia chama cha kuweka na kukopa kilichoanza na shilingi milioni 1, na mfuko wake unakua kwa asilimia 10 kila mwezi. Mwezi wa kwanza una milioni 1. Wa pili milioni 1.1. Wa tatu 1.21. Endelea kuzidisha kwa 1.1 uone mfuko unavyokaa kwenye tarakimu 1: miezi minane mizima, mpaka unafika milioni 1.95. Ndipo unaingia 2, ambako unakaa miezi minne. Kwenye 3 miezi mitatu. Ukifika juu unapita mbio: 7 mwezi mmoja, 8 miwili, 9 mmoja. Mwezi wa 26 una milioni 10.8, umerudi kwenye 1 tena na safari inaanza upya, ndefu karibu kama ile ya kwanza. Katika miezi 25 ya kabla ya hapo, minane ilikuwa ya 1, yaani asilimia 32. Sababu ni hii: kutoka milioni 1 hadi milioni 2 lazima mali ijizae mara mbili, lakini kutoka milioni 9 hadi 10 inatakiwa kuongezeka kwa asilimia 11 tu. Mali hukawia pale ambapo njia ni ndefu.

Siyo ukuaji peke yake unaoleta hali hii. Mwaka 1995 mwanahisabati Theodore Hill alionyesha kwamba hata ukichanganya namba za vyanzo vingi visivyohusiana, mchanganyiko huo huelekea kwenye kanuni ileile. Na daftari la duka ni mchanganyiko: pakiti ya chumvi, nauli ya lori, umeme, ushuru wa soko, magunia ya maharage.

Sisi wa mpakani tuna jaribio letu la ziada. Badilisha daftari zima liwe la shilingi za Kenya. Tuseme shilingi 1 ya Kenya inabadilishwa kwa 28 za Uganda: 14,000 inakuwa 500, na 350,000 inakuwa 12,500. Iliyoanza na 1 sasa inaanza na 5, iliyoanza na 3 inaanza na 1. Namba moja moja zimehama, lakini ukizitazama zote kwa pamoja, 1 inaongoza vilevile kwa asilimia 30 hivi. Roger Pinkham alilieleza hili kihisabati mwaka 1961: kanuni ya kweli kuhusu namba za dunia haiwezi kutegemea umepima kwa shilingi ya nani.

Sasa nije kwenye daftari lililonifanya niandike haya. Mama mmoja mwenye duka la jumla aliniita nimfungie hesabu za mwaka. Alikuwa amemwajiri kijana mpya, na sharti alilompa lilikuwa moja: matumizi yakifika shilingi 100,000, nipigie kwanza.

"Mwanangu, huyu kijana hesabu zake zimenyooka kuliko hata za marehemu mume wangu," akaniambia huku akinisogezea daftari.

Zilikuwa zimenyooka kweli. Wino mmoja, mwandiko mmoja, hakuna doa la mafuta wala mstari uliofutwa. Nikakaa kwenye gunia nikaanza kuhesabu tarakimu za kwanza. Miezi ambayo mama mwenyewe aliandika ilikwenda kama ilivyotarajiwa: boda 1,000, wapagazi 15,000, lori 120,000. Miezi ya kijana, karibu nusu ya mistari ilianza na 7, 8 au 9. Kwa kanuni, hizo tatu pamoja hazifiki 16 katika kila 100. Kulikuwa na rundo la 85,000, 92,000, 97,500, zimesongamana chini ya ule mstari wa 100,000.

"Mama, zimenyooka mno," nikamjibu. "Naomba risiti za hizi."

Kilichotokea baadaye ndicho ninachotaka kila anayesikia habari ya kanuni hii akijue. Sehemu kubwa ya mistari ile ilikuwa malipo halali. Lori la Mbale lilikuwa limepandisha bei hadi karibu mara mbili ya 100,000, simu ya mama ilikuwa inazimika mara kwa mara, dereva anapiga honi nje, na kijana akawa anaigawa nauli moja mara mbili ili asivunje sharti. Madereva wenyewe walithibitisha. Lakini mistari sita haikuwa na aliyepokea. Kwa hiyo tarakimu hazikumhukumu mtu. Zilituonyesha ukurasa wa kufungua, kazi ya kuuliza ikabaki kwetu.

Serikalini mambo ni hayohayo, fedha tu ndizo kubwa. Mwaka 1993 ofisa wa hazina ya jimbo la Arizona, Marekani, alitoa hundi 23 za karibu dola milioni 2 na kuzielekeza kwa kampuni ya uongo. Alijitetea kwamba alitaka kuonyesha udhaifu wa mfumo mpya wa kompyuta, na mahakama ikamtia hatiani. Baadaye Mark Nigrini, bingwa wa kutumia kanuni ya Benford katika ukaguzi, aliichambua orodha ile. Zaidi ya 9 katika kila 10 ya hundi hizo zilianza na 7, 8 au 9, na nyingi zilikaa chini kidogo ya dola 100,000. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilimkumbuka mama na sharti lake. Mwaka 2011 watafiti walipima takwimu za uchumi ambazo nchi za Umoja wa Ulaya zilipeleka makao makuu, na kati ya nchi zinazotumia euro, za Ugiriki ndizo zilizopishana na kanuni kuliko zote. Kufikia wakati huo ilikuwa imeshajulikana kwamba nchi hiyo iliwahi kupeleka takwimu zisizo sahihi.

Hapa Uganda mistari kama ule wa mama wa 100,000 imo ndani ya sheria zenyewe. Biashara ikipita kiwango fulani cha mauzo kwa mwaka lazima ijiandikishe kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Sheria ya ununuzi wa umma inaweka utaratibu mzito zaidi kadiri kiasi kinavyopanda, na inakataza kugawanya ununuzi mmoja vipande vipande ili kuukwepa. Popote sheria inapochora mstari, mkaguzi mzuri atatazama kwanza namba zilizolala chini yake. Mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, uitwao EFRIS, ambao uligombaniwa hadi maduka ya katikati ya Kampala yakafungwa Aprili 2024, unakusanya namba za mauzo moja kwa moja kwenye kompyuta. Kompyuta inaweza kufanya kwa sekunde moja kazi iliyonichukua mimi siku nzima juu ya gunia. Kwa sababu hiyo nasisitiza: mfanyabiashara mwaminifu ana haki ya kuulizwa kabla ya kuitwa mwizi, maana huenda ana lori la Mbale la kueleza.

Na kuna mahali kanuni hii haifai kabisa. Namba za simu zinapangwa na kampuni, urefu wa watu hautofautiani vya kutosha, na bei ya rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai, asubuhi kwenye stendi ni ileile kwa kila mteja. Nimewaona watu wakiishika kanuni hii baada ya uchaguzi, hapa na kwingine, wakisema kura za vituo zimekataa 1 kwa hiyo zimeibwa. Si hoja ya kutegemea. Wapiga kura hugawanywa ili kituo kimoja kisizidiwe, basi namba za vituo hukaa kwenye chumba kidogo na tarakimu zake hupangwa na ukubwa wa chumba hicho. Wizi wa kura, kama upo, utafutwe kwenye fomu za matokeo. Daftari la mistari 40 nalo halitoshi. Nataka mia kadhaa kabla sijafungua mdomo.

Ajabu zaidi kwangu ni kwamba maneno nayo yana kanuni yao. Mshairi wa utenzi anatii sheria iliyowekwa na watu: mizani nane katika kila mshororo, mishororo minne kwa ubeti, vina mahali pake. Chini ya sheria hiyo ipo kanuni ambayo mshairi haioni. George Kingsley Zipf wa Chuo Kikuu cha Harvard aliionyesha katika miaka ya 1930 na 1940: ukihesabu maneno ya maandishi marefu, neno la pili kwa wingi hutokea karibu nusu ya mara za lile la kwanza, la tatu karibu theluthi, na kuendelea. Kiswahili hapa kinamtega mhesabuji. Wa, ya, la, cha, vya, za: je, hayo ni maneno sita au ni neno moja lililobadilisha nguo kufuata ngeli? Ukihesabu mbalimbali unapata orodha moja, ukihesabu pamoja unapata nyingine. Natamani wanafunzi wa Makerere walichukue swali hili walitendee haki.

Vijineno vidogo hivi ndivyo vinavyomtambulisha mwandishi. Marekani walikuwa na makala 85 za kutetea katiba yao mpya, zilizoandikwa mwaka 1787 na 1788 kwa jina moja la kubuni, na 12 kati yake zilibishaniwa: ni za Alexander Hamilton au za James Madison, wawili kati ya waandishi wake? Mwaka 1964 Frederick Mosteller na David Wallace walitoa jibu kwa kuhesabu maneno madogo. Hamilton alipenda kuandika "upon", neno la Kiingereza la "juu ya", kama mara tatu katika kila maneno 1,000. Madison aliligusa kwa nadra sana. Zote 12 zikaangukia kwa Madison. Nasi tuko hivyohivyo: kuna mwenye "lakini", kuna mwenye "ila", kuna asiyeweza kumaliza aya bila "vilevile", na hakuna anayejisikia akifanya hivyo.

Nilirudi kwenye daftari la mama nikiwa na wazo hilo. Mistari ya kweli ya kijana ilikuwa mifupi: "boda ya chumvi", "wapagazi gunia 20", "ushuru wa soko". Ile sita isiyo na mpokeaji ilisema "malipo kwa ajili ya usafiri", "malipo kwa ajili ya mizigo". Alipokuwa ametumia fedha kweli alitaja kitu. Alipokuwa hana kitu cha kutaja, akaandika "kwa ajili ya". Nilimwonyesha mwenyewe mbele ya mama, akainama, akaomba alipe kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara wake, na mama akakubali.

Mama amepandisha sharti lake sasa, kutoka 100,000 hadi 300,000, ili lori lisisubiri nje. Kila mwisho wa mwezi napita dukani, nakaa kwenye gunia lilelile, na macho yangu yanatangulia kutafuta 280,000 na 290,000.