Kotesheni za bima ya gari: bei isome mwisho

Kotesheni mbili za gari lilelile zikija na bei zilizoachana sana, mara nyingi kampuni hizo zinakuuzia vitu viwili tofauti vyenye jina moja. Mimi ni dalali wa bima, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na karatasi za kampuni mbalimbali mezani nikitafuta zinapoachana. Bei naisoma mwisho. Inatokana na yale yaliyoandikwa juu yake, na huwezi kujua kama ni rahisi au ghali kabla hujayasoma hayo.

Aina zenyewe kwanza, na hapa sitakaa sana. Bima ya mtu wa tatu, yaani thadi pati au bima ndogo, hulipa madhara unayowasababishia wengine: umemgonga mtu, umeharibu gari lake, umeangusha ukuta wake. Gari lako wewe halimo kabisa. Ndiyo ambayo sheria za nchi nyingi zinailazimisha. Massachusetts, Marekani, iliilazimisha mwaka 1927, na Uingereza ikafuata kwa sheria ya barabara ya mwaka 1930. Aliyelengwa kulindwa ni yule aliyegongwa, asije akashinda kesi dhidi ya mtu asiye na kitu cha kulipa. New Zealand hadi leo hailazimishi bima ya gari, kwa kuwa majeruhi wa ajali hugharamiwa na mfuko wa taifa.

Kwa vile ni ya lazima, watu huichukulia bima ndogo kuwa ni ileile popote uendapo, wakainunua kwa bei tu. Angalia mambo mawili. La kwanza ni kama inalipa uharibifu wa mali au majeraha na vifo pekee, kwani kuna nchi ambako sheria inalazimisha hayo ya mwili tu na mali ni hiari yako. La pili ni kikomo. Marekani utakuta kimeandikwa kwa namba tatu, kwa mfano 25/50/25, maana yake dola 25,000 kwa kila majeruhi, 50,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, na 25,000 kwa mali. Ukigonga gari la 60,000 ukiwa na kikomo hicho, zile 35,000 zilizobaki mwenye gari atazidai kwako. Kuongeza kikomo kwa kawaida hugharimu kidogo kuliko watu wanavyodhani, na kama ningelazimika kumshauri mtu aongeze kitu kimoja tu kwenye bima ndogo, ningesema hicho.

Katikati kuna bima ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Gari likiungua au likiibwa unalipwa. Ukiligonga mwenyewe, hulipwi. Inafaa gari lililopungua thamani, ambalo mwenyewe anaweza kumudu kulinyoosha bodi kwa pesa yake lakini hawezi kununua lingine.

Bima kubwa, komprehensivu, inajumlisha hizo zote na kuongeza uharibifu wa gari lako hata ukiwa wewe ndiye mwenye kosa. Unaposoma maelezo ya Kimarekani mtandaoni, kumbuka kwamba wao kinga ya gari lako wameigawa mara mbili: ya kugongana inauzwa peke yake, na ya wizi, moto, mvua ya mawe na mengineyo inauzwa peke yake. Ukibeba ushauri wao bila kuligundua hilo utajichanganya. Na bima kubwa si bima ya kila kitu. Uchakavu haumo, injini iliyokufa yenyewe haimo, tairi lililopasuka bila ajali halimo. Aliyeendesha akiwa amelewa, au bila leseni ya aina ile ya gari, amejitoa mwenyewe. Mafuriko mara yamo mara hayamo, kwa hiyo yaulize kwa jina lake.

Thamani unayoiandika

Hapa ndipo kotesheni nyingi hushushwa bei bila mteja kugundua. Ada ya bima kubwa mara nyingi ni asilimia fulani ya thamani ya gari, kwa hiyo muuzaji anayetaka kuonekana nafuu anaweza tu kuishusha thamani.

Tuseme gari lako sokoni ni 20,000. Weka sarafu yoyote unayotumia. Umeandikiwa 12,000 na ada imeshuka vizuri. Kama mkataba una kipengele cha wastani, kampuni itahesabu kwamba umekata bima ya asilimia 60 ya gari, na ile 40 umeamua kuibeba mwenyewe. Ukipata ajali ya matengenezo ya 5,000, watakulipa 3,000, halafu bado kuna makato mengine nitakayoyaeleza hapa chini. Wengi hudhani kwa kuwa 5,000 ni ndogo kuliko 12,000 watalipwa yote. Kipengele hicho huwa hakimo kwenye kotesheni, kimo ndani ya mkataba, na si kila mkataba wa gari unacho. Uliza.

Kinyume chake nako kuna hasara. Ukiandika 25,000 kwa gari la 20,000 likaibwa, utalipwa 20,000, maana bima ya mali hurudisha ulichopoteza, haikupi faida. Ada uliyoilipia ile 5,000 ya juu imekwenda na maji.

Uliza pia ni thamani ya siku gani. Mikataba mingi hulipa thamani ya soko ya siku ya ajali, si ya siku uliyosaini, na gari huwa limeshuka katikati. Mingine huweka thamani mliyokubaliana mwanzoni. Ada yake huwa juu, na inawafaa wenye magari ya zamani yanayotunzwa au yaliyofanyiwa marekebisho ya gharama. Gari likiwa na mkopo, aliyekopesha hulipwa kwanza. Deni likizidi thamani ya soko utaendelea kulipia gari ambalo halipo tena, isipokuwa umekata bima ya kuziba pengo hilo.

Eksesi

Eksesi ni sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Namba hii ndiyo inayobadilisha kotesheni kuliko zote, na huwa imeandikwa kwa herufi ndogo kwenye jedwali la mkataba.

Chukua gari letu la 20,000. Kampuni ya kwanza inataka ada ya 700, na kwenye mstari wa eksesi imeandika "asilimia 5 ya thamani iliyokatiwa bima". Ya pili inataka 800, na eksesi yake ni 250 kamili. Tofauti ya ada ni 100 na wengi hukimbilia ya kwanza. Sasa umegonga nguzo ukirudi nyuma: bampa, taa moja, na rangi, jumla 900. Siku hizi bampa lina vihisio ndani yake na kioo cha mbele kina kamera inayotakiwa kupimwa upya kikibadilishwa, kwa hiyo ajali ya kipuuzi hufika huko upesi. Kwa kampuni ya kwanza eksesi yako ni 1,000. Hulipwi hata senti. Kwa ya pili unapata 650. Ajali ikiwa ya 6,000, ya kwanza inakulipa 5,000 na ya pili 5,750. Ili ile 100 ya kila mwaka ifidie tofauti hiyo ya 750, itabidi uendeshe miaka saba na nusu bila kugusa kitu.

Soma tena maneno ya mstari ule. Ingeandikwa "asilimia 5 ya dai", ajali ya 900 ingekukata 45 tu. Asilimia ni ileile, neno la mwisho limebadilika, na umetoka 1,000 hadi 45. Mara nyingi mbele yake huongezwa "si chini ya" kiasi fulani, na hicho kiasi ndicho eksesi yako halisi kwa ajali ndogo. Halafu ziko eksesi za juu yake: ya dereva kijana, ya leseni mpya, ya gari kuibwa likiwa halina kifaa cha kulifuatilia. Zinajumlishwa. Mzazi anayemwachia mwanawe gari anapaswa kuzijumlisha kabla, asisubiri ajali.

Sisemi eksesi kubwa ni mbaya. Mwenye akiba hufaidika nayo, kwa sababu inashusha ada, na hasara ndogo angezilipa mwenyewe hata hivyo. Kipimo changu kwa mteja ni kimoja: je, kesho asubuhi unaweza kuitoa hiyo eksesi bila kukopa? Kama huwezi, gari litabaki gereji limetengenezwa na hutalitoa, hata kama kampuni imeshakubali dai lako.

Punguzo la kutodai, yaani ada inayoshushwa kwa kuwa umekaa miaka bila kudai, ni ndugu yake. Tuseme limefikia nusu ya ada, na dai moja linalifuta lote. Kwenye kampuni ile ya pili ulidai 650, na mwaka ujao ada ya 800 inapanda hadi 1,600. Umepokea 650, umelipa 800 zaidi, na kulirudisha punguzo hadi pale lilipokuwa kutachukua miaka. Kampuni nyingi hazilifuti lote mara moja, hulishusha ngazi mbili tatu. Omba jedwali la ngazi hizo. Na usidanganyike kwamba punguzo hupotea ukiwa na kosa tu. Aliyekugonga akikimbia, kampuni yako ikalipa na isipate wa kumdai, hilo ni dai lako. Ile kinga ya punguzo inayouzwa kwa nyongeza nayo hulinda asilimia tu. Ada ya msingi inaweza kupanda na punguzo lako likiwa palepale.

Siku gari liko gereji

Jambo hili halina namba, kwa hiyo wanaolinganisha bei hulipita. Nani anachagua gereji? Vipuri ni vipya vya mtengenezaji, vya kuiga, au vilivyotumika? Kwenye tairi, betri na vitu vinavyochakaa, je, kampuni itakukata kwa kuwa umepewa kipya badala ya kikuukuu? Nani analipia gari kuvutwa, na hadi umbali gani? Kuna gari la kutumia wakati lako linatengenezwa, na kwa siku ngapi? Kampuni yenye ada ya chini na gereji zilizozidiwa na kazi inaweza kukuacha bila gari kwa muda ambao nauli peke yake itameza ulichookoa. Hapa naamini zaidi maneno ya mtu aliyewahi kudai kuliko tangazo lolote.

Nyongeza nyingine huuzwa kwa vifurushi, na vingi vina vitu ambavyo hutavihitaji. Kinga ya kioo cha mbele ninaipenda, kwa sababu kwa kawaida haigusi punguzo.

Majibu yaleyale kwa kila kampuni

Kotesheni hazilinganishiki kama fomu zilijazwa tofauti. Umri wa dereva, wanaoliendesha wengine, linakolala usiku, linasafiri kiasi gani kwa mwaka, linabeba abiria wa kulipa au mizigo ya kukodiwa: ukibadilisha jibu moja, bei inabadilika. Tovuti za kulinganisha hupenda kukujazia baadhi ya majibu ili uende haraka. Rudi nyuma uyasome, hasa eksesi ya hiari, ile unayojiongezea mwenyewe ili ada ishuke, maana tovuti moja huweka sifuri na nyingine huweka kiasi kikubwa ili bei ionekane ndogo. Pia si kampuni zote zimo humo, na nyingi ya tovuti hizo hulipwa kamisheni unaponunua.

Majibu ya uongo hushusha ada na kuua dai. Sheria ya bima ilijengwa juu ya uaminifu wa hali ya juu, na kesi inayotajwa mpaka leo ni ya Carter dhidi ya Boehm ya mwaka 1766, ambapo jaji Mansfield alieleza kwamba anayekata bima ndiye anayezijua habari za hatari yake, na kampuni inategemea neno lake. Ajabu ni kwamba kesi yenyewe ilihusu ngome huko Sumatra, na aliyeshinda ni yule aliyekata bima. Tangu hapo baadhi ya nchi zimeulegeza mzigo huo kwa mteja wa kawaida. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2012, inamtaka mteja awe mwangalifu wa kutosha asitoe majibu ya uongo, na kampuni ndiyo iulize inachotaka kujua. Lakini gari lililoandikwa ni la binafsi likakutwa na abiria wa kulipa bado ni njia nyepesi sana ya kunyimwa fidia. Kadhalika mzazi anayejiandika kuwa dereva mkuu wa gari ambalo mtoto ndiye huliendesha kila siku.

Ukinunua kwa mtu, jua yuko upande gani. Wakala anaiwakilisha kampuni. Dalali anakuwakilisha wewe, ingawa kwa kawaida kamisheni yake hutoka kwa kampuni hiyohiyo. Nasema hivyo mimi mwenyewe nikiwa dalali, na una haki ya kuniuliza ninalipwa kiasi gani. Kabla ya kutoa pesa, thibitisha kwa mamlaka ya bima ya nchi yako kwamba kampuni ina leseni hai, na uthibitishe cheti ulichopewa kinasomeka kwenye kumbukumbu zao. Stika inaweza kuchapishwa na mtu yeyote. Ukilipa kwa awamu, jumlisha awamu zote kabla ya kulinganisha, maana mara nyingi zina riba ndani yake.

Ukiamua kuhama, omba barua ya historia ya madai kutoka kampuni ya zamani mapema, kwa sababu mpya haitakupa punguzo bila hiyo. Angalia pia saa, si tarehe peke yake. Kuna mikataba inayoisha saa sita usiku na mingine inayoanza saa ile malipo yanapoingia, na kati ya hizo gari liko barabarani bila bima.