Dhamira na uhusika katika tanzia: tumtazame Macbeth

Dhamira ni kile ambacho kazi ya fasihi inakisema kuhusu jambo fulani. Majibu mengi ya mtihani hukwama hapo. Mwanafunzi anaulizwa dhamira ya Macbeth, tanzia ya Shakespeare (yaani tamthilia ya anguko la mhusika mkuu), anaandika "tamaa ya madaraka", anaweka nukta. Hiyo ni mada tu. Shakespeare anasema nini kuhusu tamaa hiyo? Kwenye tamthilia hakuna msimulizi wa kutunong'oneza. Tuna maneno ya wahusika na matendo yao, basi. Kwa hiyo dhamira huanzia kwa mhusika.

Tangu enzi za Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, nguli wa tanzia, yaani mhusika wake mkuu, ni mtu mwenye hadhi, si mwovu wa kupindukia wala si malaika, anayeporomoka kwa kosa lake mwenyewe. Macbeth tunamsikia kwanza akisifiwa: jemadari aliyeiokoa Uskoti vitani. Kisha wachawi watatu wanamtabiria ufalme, na wasomaji wengi wanakimbilia kuwalaumu wachawi. Lakini wachawi hawakumwambia amuue Mfalme Duncan ili atwae kiti. Banquo, jemadari mwenzake, naye alikuwepo, akatabiriwa kwamba uzao wake utatawala, na hakumgusa mtu. Katika kitabu cha historia alichokitumia Shakespeare, Banquo anashiriki njama ya kumuua mfalme. Hapa ametakaswa, na si ajabu: tamthilia iliandikwa yapata 1606, na Mfalme James, aliyetoka Uskoti akapewa pia kiti cha Uingereza mwaka 1603, alimhesabu Banquo miongoni mwa mababu zake. Siasa au la, faida kwa sanaa ni kubwa. Kwa kuwaweka wawili hao bega kwa bega, tunajua kwamba utabiri pekee haumfanyi mtu muuaji.

Sehemu ya kusomwa polepole ni onyesho la saba la sehemu ya kwanza. Mfalme Duncan yuko ndani anakula. Macbeth ametoka, yuko peke yake, katika uzungumzi nafsi: anasema mawazo yake kwa sauti, na hadhira tu ndiyo inayomsikia. Anajihesabia: huyu ni jamaa yangu, ni mfalme wangu, tena ni mgeni wangu, na mwenyeji kazi yake ni kumfungia muuaji mlango, si kushika kisu yeye. Anakiri kwamba kinachomsukuma ni tamaa peke yake. Mkewe anapofika anamwambia jambo hili tuliache. Mke anamkejeli, anautilia shaka uanaume wake, na kabla onyesho halijaisha Macbeth amekubali.

Ukilisoma hilo vizuri, huwezi tena kuandika kwamba Macbeth "alidanganywa". Alijua kila kitu. Dhamira inaanza kujitokeza: mtu anaweza kuuona ubaya wote wa tendo, akautaja mmoja mmoja, na bado akalitenda; kisha ujuzi uleule ukamgeukia.

Damu ndiyo jazanda, yaani picha ya kisanaa, inayobeba jambo hili. Baada ya kumuua Duncan, Macbeth anaitazama mikono yake na kuona bahari nzima haitaisafisha. Mkewe anamwona mwoga: maji kidogo tu yanatosha. Sehemu ya tano tunamkuta mama huyo akitembea usingizini, daktari na mhudumu wakimtazama, anasugua mikono isiyo na kitu na kulalamika kwamba harufu ya damu haimtoki. Mumewe, aliyekuwa akitetemeka mwanzoni, sasa anaripotiwa kifo cha mkewe na machozi hayamtoki. Wamebadilishana nafasi. Kwa hiyo kumwita mke "katili" na mume "dhaifu" ni kusoma nusu ya kwanza na kufunga kitabu.

Tahadhari moja kuhusu ushahidi. Mwishoni Malcolm, mwana wa Duncan, anawaita wawili hao mchinjaji na malkia mfano wa shetani, na watahiniwa hupenda kunukuu maneno hayo kama hukumu ya mwandishi. Anayesema ni mtoto aliyeuliwa baba, naye anatwaa kiti siku hiyohiyo. Yeye hakuusikia ule uzungumzi nafsi. Sisi tuliusikia.