Babu anatetemeka mkono: na sisi wajukuu tutaurithi?

Shikamoo daktari. Babu mzaa mama ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaomtetemesha. Majirani wanasema amerogwa, mama anasema ni wa ukoo. Nani yuko sahihi?

Marahaba. Majirani wamekosea kabisa. Mama yako huenda ana chembe ya ukweli. Ukoo unaorithishana Parkinson waziwazi upo, ila ni nadra. Mwaka 1997 watafiti walichunguza ukoo wenye asili ya Contursi, kusini mwa Italia, wakakuta hitilafu kwenye jeni ya SNCA. Jeni hiyo ndiyo inayoelekeza utengenezaji wa alfa-sinukleini, protini inayoganda kuwa mabonge ndani ya seli za ubongo wa wagonjwa. Wagonjwa wengi hawana hitilafu ya namna hiyo.

Nimesikia kuna jeni ya Waafrika. Ni kweli?

Jeni ni ya binadamu wote, inaitwa GBA1. Kilicho cha kwetu zaidi ni badiliko la herufi moja ya DNA ndani yake, lililotangazwa mwaka 2023 baada ya kuchunguza watu karibu 198,000 wenye asili ya Kiafrika, 1,488 kati yao wakiwa wagonjwa, wengi wao kutoka Nigeria na Marekani. Kwa Wazungu badiliko hilo ni kama halipo, na kwa kuwa tafiti za awali ziliwategemea wao, nani angeliona?

GBA1 hutengeneza kimeng'enya kinachosaga mafuta yaliyochakaa ndani ya seli. Badiliko lenyewe limekaa mahali pa ajabu: kwenye kipande ambacho seli hukikata na kukitupa kabla ya kutengeneza protini. Linavuruga ukataji huo, kimeng'enya kinapungua, taka zinarundikana. Aliyerithi nakala moja, hatari yake huwa takriban mara 1.5 ya asiye nayo. Aliyerithi mbili, mara 3.5 hivi.

Basi nikapime?

Kwa sasa sioni faida. Wengi wenye badiliko hilo hawaugui kamwe, na hata ukilijua, hakuna dawa ya kukukinga. Hela hiyo mnunulie babu levodopa, dawa ya kupunguza dalili za Parkinson. Ainywe saa zilezile kila siku, nusu saa kabla ya kula, maana nyama na maharage huizuia kufyonzwa vizuri. Akipata kichefuchefu mwoneni daktari wake, msimkatishe dawa ghafla.